Maji, Umeme na Oringi

Kompyuta ya kwanza iliyobeba jina la Seymour Cray nusura iharibiwe na mafuta. Cray alikuwa ameacha kazi katika kampuni ya kompyuta ya Control Data, akaanzisha kampuni yake mwaka 1972, na karakana akaiweka Chippewa Falls, mji mdogo wa Wisconsin, Marekani, alikozaliwa. Mashine aliyokuwa akiijenga, Cray-1, ilikuwa na moduli zaidi ya 1,600 zilizobanana katika mnara wenye umbo la herufi C, nayo ilikula umeme wa kilowati 115 hivi. Joto la kiasi hicho feni haziliwezi. Mhandisi wake wa upoozaji, Dean Roush, akapitisha mabomba ya chuma kisichoshika kutu ndani ya nguzo za alumini, na ndani ya mabomba akapitisha Freon, gesi ya jamii iliyotumika kwenye mafriji ya wakati huo. Majaribio ya mwanzo yakashindwa. Mafuta ya kulainisha yaliyokuwa yakizunguka pamoja na Freon yalipenya kwenye maungio, yakatambaa juu ya bodi kidogo kidogo mpaka zikapiga shoti. Ilibidi itafutwe mbinu mpya ya kuchomelea mabomba yale ndipo mashine ikasimama. Ya kwanza ilifika maabara ya Los Alamos mwaka 1976.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya riziki yangu siku hizi inatokana na mashine zinazopozwa kwa maji: za vijana wa gemu, za wahariri wa video, za ofisi za wasanifu majengo ambao picha zao hukokotolewa usiku kucha. Mteja mpya akiingia dukani, swali lake la kwanza ni lilelile: "Fundi, hii haitavuja?" Swali hilo ni la zamani kuliko anavyodhani. Waliolijibu kabla yetu walikuwa watu wenye fedha, maabara na wahandisi wa kila aina, na bado liliwahangaisha. Vitabu vya historia ya kompyuta huhesabu kasi na kumbukumbu. Lakini kasi hiyo ilipatikana kwa sababu kuna watu waliokaa na kiungo cha bomba, wakakichunguza mpaka kikaacha kutoa tone, na watu hao hawatajwi sana. Ndio ninaotaka kuwazungumzia.

Kwa nini maji? Lita moja ya maji hubeba joto takriban mara 3,500 kuliko lita moja ya hewa. Mpira mwembamba unaopitisha maji taratibu unaweza kuondoa joto ambalo feni ingelipigia kelele siku nzima bila kulimaliza. Na tukubaliane jambo lingine mapema: maji safi yenyewe si adui mkubwa kama watu wanavyodhani. Maji yaliyokenekwa vizuri hupitisha umeme kwa shida sana. Tatizo ni kwamba hayabaki safi. Tone likianguka juu ya mazabodi linakutana na vumbi, na vumbi la mji wa pwani lina chumvi. Linakutana na mabaki ya dawa ya kulehemu. Linakutana na jasho la vidole vya fundi. Ndani ya muda mfupi limekuwa maji ya aina nyingine kabisa, na umeme ukipita humo njia za shaba huanza kuliwa. Zinageuka kijani, kisha nyeusi, kisha hazipo.

IBM walijua hilo, ndiyo maana walianza kwa kuyaweka maji mbali. System/360 Model 91, mashine ya miaka ya 1960, ilipozwa kwa hewa, ila hewa yenyewe ilipitishwa kwenye rejeta za maji zilizopangwa katikati ya bodi, ikapoa tena kabla ya kuendelea na bodi inayofuata. Maji yalikuwa ndani ya kabati, lakini hayakukaribishwa karibu na chipu. Mtindo huo ulidumu katika mashine kubwa zilizofuata. Novemba 1980 wakatangaza 3081, na hapo maji yakasogea karibu.

Moduli ya 3081 inastahili kutazamwa taratibu. Chini kuna kipande cha kauri cha sentimita 9 kwa 9 kilichobeba chipu zaidi ya 100. Juu ya kila chipu kuna pistoni ndogo ya alumini inayosukumwa na springi, ncha yake ikigusa mgongo wa chipu. Nafasi iliyobaki imejazwa gesi ya heli, kwa sababu heli hupitisha joto mara kadhaa kuliko hewa. Kofia ya chuma imefunika vyote hivyo na kuzibwa. Juu ya kofia ndipo linafungwa kwa bolti bamba la baridi, na maji yanapita ndani ya bamba hilo tu. Moduli moja ya namna hiyo ilitoa joto la wati 300 hivi, na joto lote lilisafiri kutoka chipu kwenda pistoni, heli, kofia, bamba, mpaka maji.

Nimeitazama michoro ya moduli hiyo mara nyingi na bado inanipa heshima kwa waliofanya kazi ile Poughkeepsie, New York, miongoni mwao Richard Chu, mmoja wa wahandisi wakuu wa joto wa IBM. Kati ya maji na umeme waliweka kuta mbili za chuma. Kiungo cha maji, pale mpira unapoingia kwenye bamba, wakakiweka nje, mahali fundi anapoweza kukiona na kukishika. Ukitaka kubadilisha moduli unafungua bamba, unalisogeza, unatoa moduli. Heli haitoki, na maji hayajui kama kuna chipu duniani.

Kisha wakafanya jambo la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko moduli yenyewe. Hawakuruhusu maji ya jengo yaingie kwenye kompyuta. Katikati waliweka kabati lenye kibadilisha joto: upande mmoja maji ya jengo, upande wa pili maji ya mashine, machache, safi, yanayozungushwa na pampu yenye pampu ya akiba pembeni. Maji ya pande mbili hizo hayachanganyiki kamwe, yanapeana joto tu kupitia ukuta wa chuma. Fikiria faida yake siku kiungo kikiachia. Bomba la jengo likipasuka ndani ya chumba cha kompyuta litamwaga mpaka mtu akimbilie koki. Mzunguko mdogo wenye tanki lake ukivuja, kinachomwagika ni kilichomo kwenye tanki, basi. Waliona kwamba huwezi kuahidi kiungo kisichovuja kamwe, lakini unaweza kuamua mapema ni maji kiasi gani yatakayotoka. Tena maji ya upande wa mashine yalitunzwa yasiwe baridi kupita kiwango cha umande wa chumba, kwa sababu bomba baridi kwenye hewa yenye unyevu hutoa jasho, na jasho hilo linadondoka sawasawa na maji ya kuvuja. Mtu wa pwani aliyewahi kuweka soda baridi mezani hahitaji maelezo zaidi.

Cray alilijibu swali hilohilo kwa kuligeuza. Mwaka 1985 alitoa Cray-2, na safari hii akaizamisha kompyuta nzima. Bodi ziliwekwa nane nane, zimekaribiana kiasi kwamba hewa isingepita, zikatumbukizwa ndani ya Fluorinert, kimiminika cha kampuni ya 3M kisichopitisha umeme. Pembeni ya mashine vilisimama vyombo vyenye kuta za kuonekana ndani, kimiminika kikiporomoka humo na kutoa mapovu, na watu wakaipa jina la utani "Bubbles". Kuvuja ndani ya mashine hakukuwa na maana tena. Kila kitu kilikuwa kimeshalowa. Lakini gharama ilihamia kwingine. Ili ubadilishe bodi moja ilibidi kimiminika kihamishwe kwanza. Kilikuwa ghali, hivyo kila kilichopotea kilikuwa fedha. Kikiunguzwa kupita kiasi huweza kutoa gesi ya sumu. Na jamii ya kemikali zake haiozi ikiingia kwenye mazingira. Desemba 2022, 3M wenyewe walitangaza kwamba wataacha kuzitengeneza ifikapo mwisho wa 2025. Naiheshimu akili iliyobuni Cray-2. Hata hivyo njia ya IBM ya kutenganisha ndiyo iliyoenea zaidi, na sioni ajabu.

Katikati ya miaka ya 1990 maji yaliondolewa kwenye kompyuta. Chipu za CMOS zilichukua nafasi ya zile za zamani zenye kula umeme mwingi, mashine kubwa zikarudi kwenye feni, na mabomba ya chini ya sakafu yakakosa kazi.

Wakati huohuo, vijana wa nyumbani ndio kwanza walikuwa wanayaanza maji. Mwaka 1998 Intel walitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300 iliyokubali kusukumwa mpaka 450, na msukumo ule ulikuja na joto. Miaka michache baadaye prosesa za Athlon zilikuwa moto zaidi. Hakukuwa na duka la kuuza mfumo wa maji kwa mtu wa kawaida, kwa hiyo kila kipande kilitolewa kwenye kazi ya mtu mwingine. Pampu ilikuwa ya tangi la samaki, mara nyingi Eheim ya Ujerumani. Rejeta ilikuwa ya hita ya gari. Ile ya Pontiac Bonneville ya 1977 ilipata sifa kubwa kwa sababu ilikuwa pana na ya shaba. Bloku ya kukaa juu ya prosesa ilikuwa kipande cha shaba kilichotobolewa kwa drili mezani kwa mtu. Mpira ulikuwa mpira, na ulibanwa kwa klipu ya skrubu, ileile ambayo Lumley Robinson wa Uingereza aliipatia hataza mwaka 1921 na ambayo kila gereji ya Dar inayo kwenye kopo.

Nawapenda watu wale. Hawakuwa na maabara, lakini ndio walioleta utaratibu wa kujaribu kuvuja ambao kila fundi mwangalifu anaufuata mpaka leo, na nitaueleza. Baada yao zikaja kampuni: Koolance mwaka 2000, Aqua Computer ya Ujerumani, Hardware Labs ya Ufilipino ambayo rejeta zake zinatoka nchi yenye joto na unyevu kama wetu. Na kampuni zilipokuja, maungio yakaanza kufanana.

Hapa ndipo historia hii inapogusa nyumbani kwetu. Fitingi za maji za kompyuta leo karibu zote zina meno ya robo inchi yanayoitwa G1/4. Ni meno ya mabomba ya Kiingereza, yenye pembe ya digrii 55 iliyotokana na kipimo cha Joseph Whitworth cha mwaka 1841. Hesabu ileile ya nusu inchi na robo tatu ambayo mafundi bomba wa Tanzania wanaisema kila siku bila kutazama rula ndiyo imeingia ndani ya kompyuta za gemu. Baadhi ya bloku za awali za Marekani zilikuwa na meno ya kwao, membamba kuelekea ncha, na ukichanganya hayo na ya Kiingereza yanaonekana kuingia, yanakaza, halafu yanavuja. Soko lilipotulia, yale ya Kiingereza yakashinda.

Baba yangu mdogo alikuwa fundi bomba Tanga, enzi za mabomba ya chuma. Alizungushia meno nyuzi za katani, akapaka rangi juu yake, akakaza kwa spana mpaka katani ikajaa kila nafasi. Kwenye bomba la aina hiyo meno yenyewe ndiyo yanayoziba. Siku moja alikuja dukani kwangu akachukua fitingi ndogo ya nikeli kutoka mezani, akaigeuzageuza.

"Mwanangu, katani yake iko wapi?"

Nikamwonyesha pete nyeusi ya mpira iliyolala kwenye mfereji chini ya kichwa cha fitingi. Akaibonyeza kwa ukucha, ikarudi. Akapitisha kidole kwenye meno, akaona hayapungui unene kuelekea ncha. Akaelewa kabla sijamaliza kueleza: "Kumbe meno haya ni ya kushikilia tu. Inayofunga ni hii."

Ndivyo ilivyo. Kwenye G1/4 meno yana kazi moja, kuivuta oringi, ile pete ya mpira, ikae na kubanwa juu ya uso ulionyooka wa bloku. Mafundi wetu vijana wanaotoka kwenye kazi ya bomba huleta tepu nyeupe na kuizungushia meno haya, wakikaza kwa nguvu ya mkono mzima. Tepu haisaidii kitu pale, inazuia fitingi isikae chini sawasawa, na tanki la akriliki hupasuka kwenye tundu lake kwa nguvu hiyo. Vidole vinatosha. Kaza mpaka kichwa kiguse uso, ongeza kidogo, acha.

Oringi yenyewe ina historia ya mtu mmoja mvumilivu. Niels Christensen alizaliwa Denmark mwaka 1865, akahamia Marekani mwaka 1891, akafanya kazi ya breki za upepo za tramu. Aliomba hataza ya pete yake ya mpira mwaka 1937, umri wake umeshapita 70, akaipata mwaka 1939. Vita Kuu ya Pili ilipokuja serikali ya Marekani iliichukua kwa ajili ya ndege, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine chepesi na rahisi kilichozuia mafuta ya haidroliki namna ile. Pete hiyo ndiyo iliyomo ndani ya kila mashine ninayofunga.

Wateja huogopa presha, na presha ndiyo ya mwisho kuogopa. Pampu ya D5, ambayo ni ya kawaida kwenye mifumo hii, ikisukuma kwa nguvu zake zote inapandisha maji kimo cha mita nne hivi. Hiyo ni presha ya bomba lililo chini ya simtanki lililowekwa juu ya nyumba ya chini. Baba mdogo alifunga mabomba yenye presha kubwa mara nyingi kuliko hiyo kwa katani na rangi. Kinachovujisha kompyuta ni vitu vidogo: unywele uliolala chini ya oringi, oringi iliyojikunja fitingi ilipozungushwa, mpira uliokatwa kwa kisu butu ukaacha ncha iliyopinda, uzito wa rejeta unaovuta kiungo upande mmoja kila gari linapopita kwenye tuta. Na kuna joto: siku ya Februari hewa ya chumba ni digrii 32, maji yanapanda mpaka 40 na zaidi, usiku yanashuka, kesho yanapanda. Kila mzunguko huo mpira unatanuka na kusinyaa.

Nichukue mashine moja ya mhariri wa video niliyoifungua mwaka huu. Aliniambia inavuja juu ya kadi ya grafiksi, na kweli tone lilikuwa pale, limekauka na kuacha ganda jeupe lenye ukingo wa kijani. Lakini viungo vya kadi vilikuwa vikavu. Nilifuata kwa tochi. Maji hayadondoki yanapotokea. Yanashikamana na mpira, yanateremka kwa nje yake mpaka pale mpira unapopinda na kuanza kupanda, na hapo ndipo yanaachia. Juu kabisa, kwenye bloku ya prosesa, kulikuwa na mstari mwembamba wa chumvi chini ya fitingi. Nilipoitoa, oringi ilikuwa imelala bapa upande mmoja, ngumu, na bloku yenyewe ilikuwa na vijishimo ukingoni mwa tundu. Maji ndani yalikuwa rangi ya chai. Aliyeifunga mwanzo alikuwa ameweka rejeta ya alumini na bloku ya shaba kwenye mzunguko mmoja, akajaza maji ya bomba. Metali mbili hizo zikikutana ndani ya maji yenye chumvi zinafanya betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Unga unaotoka unazunguka, unakaa kwenye viti vya oringi, unakwangua. Basi kosa lilikuwa kwenye rejeta, njia yake ikapitia prosesa, na alama ikaonekana kwenye kadi. Ukibadilisha fitingi ya kadi peke yake utaitwa tena mwezi ujao.

Sasa utaratibu wa kujaribu. Umeme wa mazabodi unatoka kwenye pawa saplai hasa kupitia plagi ya pini 24. Waya wa kijani ukiunganishwa na mweusi, pawa saplai inawaka hata kama plagi haijachomekwa kwenye mazabodi. Watu wa nyumbani wa miaka ile walitumia kibanio cha karatasi kilichonyooshwa. Kwa njia hiyo, plagi za prosesa na kadi nazo zikiwa zimechomolewa, pampu peke yake inapata umeme, na prosesa, kumbukumbu na kadi zinabaki hazina hata chembe. Unazungushia tishu nyeupe kila kiungo, unalaza nyingine chini, unajaza, unaacha pampu izunguke usiku kucha. Unainamisha kasha huku na huku kutoa mapovu. Asubuhi unapita na tochi kiungo kwa kiungo, kwa sababu tishu inaonyesha unyevu ambao jicho halioni. Kiungo kikivuja, kinavuja juu ya vitu vilivyokufa, na ukikausha hujapoteza kitu. Sioni tofauti kati ya busara hiyo na ile ya kabati la IBM: wote walikubali kwamba kiungo kinaweza kushindwa, wakachagua kishindwe lini na wapi. Siku hizi kuna pampu ndogo ya mkono yenye geji. Unaingiza hewa kwenye mfumo mkavu, nusu bar hivi, unatazama kama sindano inashuka. Naitumia kwanza, halafu bado naweka tishu.

Na kiungo kikivuja mashine ikiwa kazini, chomoa ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, kwani volti 5 za akiba zinaendelea kukaa kwenye mazabodi muda wote waya umechomekwa. Toa na betri ndogo ya saa. Osha kwa spiriti safi, ila spiriti isiguse akriliki maana inaitia nyufa, kisha acha mbele ya feni mpaka uwe na hakika. Maji ya kujazia nanunua yale ya chupa yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari, na nasoma lebo kila mara, kwa sababu rafu hiyohiyo ina asidi.

Kampuni nyingine zilidhani jawabu ni kumwondolea mwenye mashine ruhusa ya kugusa kiungo. Juni 2004 Apple walitangaza Power Mac G5 ya prosesa mbili za gigahezi 2.5 ikiwa na mfumo wa maji uliotengenezwa na Delphi, kampuni ya vipuri vya magari iliyotoka ndani ya General Motors. Zilikuwa nzuri na kimya. Miaka ilipopita oringi zikazeeka, na nyingi zikaanza kutoa kimiminika kilichotiririka mpaka kwenye pawa saplai iliyo chini na kula kila kilipopita. Anayezinunua leo kwa ajili ya kumbukumbu hutazama sakafu ya kasha kwanza. Asetek, kampuni ya Denmark iliyoanza mwaka 2000, ilifika mbali zaidi kwa kuweka pampu na bloku pamoja na kufunga kila kitu kiwandani. Mwaka 2009 Corsair waliuza H50 ya mtindo huo, na ndiyo iliyofanya maji yawe ya kila mtu. Naziuza, na kwa mteja asiyetaka kushughulika ni chaguo zuri. Lakini huwezi kuona maji yamebaki kiasi gani, wala yana rangi gani. Hata bila tone kuanguka, mvuke hupenya kwenye ukuta wa mpira mwaka hadi mwaka. Fundi akipewa kitu kilichofungwa moja kwa moja anachoweza kukisoma ni sauti ya pampu tu.

Mashine kubwa zilirudi kwenye maji chipu za CMOS nazo zilipokuwa moto. IBM walirudi na Power 575 mwaka 2008. Mwaka 2012 kituo cha Leibniz, Garching, Ujerumani, kiliwasha SuperMUC, iliyopozwa kwa maji ya uvuguvugu yanayoweza kufika digrii 40 na zaidi. Hilo lingepaswa kuzungumzwa sana katika nchi za joto: maji hayahitaji kuwa baridi, yanahitaji tu kuwa na joto dogo kuliko la chipu, na maji ya digrii 40 hayatoi jasho hata Tanga mwezi wa Machi. Mwaka 2024 NVIDIA walitangaza kabati moja lenye prosesa 72 za akili mnemba linalokula kilowati 120 hivi. Kabati moja sasa linatoa joto la Cray-1 nzima, na pembeni yake limesimama kabati la kutenganisha maji, lenye kibadilisha joto na pampu za akiba, kwa mpango uleule wa 1980.

Jawabu moja limebaki, na ndilo linalonivutia zaidi. Katika vigunduzi vya CERN, Geneva, ambako tone moja linaweza kuharibu vifaa vya miaka mingi, wahandisi waliendesha maji yakiwa na presha ndogo kuliko hewa ya nje. Pampu inavuta badala ya kusukuma. Kiungo kikifunguka, maji hayatoki. Hewa ndiyo inayoingia, mapovu yanaonekana, na una muda wa kwenda kuangalia. Chilldyne ya Marekani inauza mfumo wa namna hiyo kwa vyumba vya seva, na Aqua Computer walitoa kifaa kidogo cha nyumbani, Leakshield, kinachoweka tanki kwenye ombwe dogo na kupiga kengele likianza kupungua. Ina mipaka yake. Huwezi kuvuta zaidi ya presha ya hewa iliyopo, kwa hiyo mizunguko mirefu yenye njia nyembamba inaishinda, na maji ya moto ndani ya ombwe huchemka mapema. Ndiyo maana mashine nyingi bado zinasukuma, na kila kiungo chake bado kina pete ya Christensen.

Pete hizo naziweka kwenye droo kwa aina. Za EPDM zinavumilia maji na kulanti vizuri sana lakini zinavimba zikipakwa mafuta ya petroli. Grisi ya gari na Vaseline, ambazo mafundi wengi hupaka ili fitingi iingie kwa ulaini, ni za asili hiyohiyo. Mimi napaka grisi ya silikoni, kiasi cha kung'arisha tu, na oringi iliyokwisha kubanwa kwa muda mrefu siirudishi hata kama inaonekana nzima.